Darwin na Mmea Mdogo Ulao Wadudu

Wengi wetu hulijua jina la Charles Darwin kwa ajili ya kitabu kimoja, na kwa ajili ya ugomvi mkubwa uliozuka baada ya kitabu hicho kutokea. Mimi sitaandika juu ya ugomvi ule. Nataka kuwasimulia wanafunzi wenzangu, na ndugu zetu waliokwisha maliza shule, maisha ya mtu huyo pamoja na habari za mmea mmoja mdogo, ambao majani yake yote pamoja hayazidi sana kiganja cha mtoto. Tangu alipoanza kuuchunguza hata siku alipotoa kitabu juu yake ilipita miaka 15.

Sababu ya kuchagua habari hii ni kwamba mara nyingi bwenini nimesikia wenzangu wakisema kuwa elimu ya viumbe ni ya wale walio na maabara kubwa na vyombo vya thamani, na kwamba sisi wengine kazi yetu ni kukariri tu. Maisha ya Darwin yanajibu neno hilo vizuri kuliko niwezavyo mimi. Tena najua wako wasomaji watakaoshangaa kuliona jina lake katika gazeti la shule ya misheni. Nawaomba wasome mpaka mwisho.

Charles Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari, 1809, katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari mwenye mali. Mama yake alifariki mwaka 1817, naye mtoto alikuwa na umri wa miaka minane. Shuleni hakupata sifa. Masomo makubwa ya siku zile yalikuwa Kilatini na Kigiriki, lakini moyo wake ulikuwa juu ya kuokota mawe na kukusanya mbawakawa.

Mwaka 1825 baba yake alimpeleka Edinburgh ili ajifunze udaktari. Siku zile dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi ilikuwa bado haijajulikana. Darwin alihudhuria mara mbili wagonjwa walipokuwa wakipasuliwa, akakimbia, wala hakurudi tena. Jambo moja la Edinburgh lilimfaa maisha yake yote: alijifunza namna ya kuhifadhi ngozi za ndege. Mwalimu wake katika kazi hiyo alikuwa mtu mweusi, jina lake John Edmonstone, aliyekuwa mtumwa katika nchi ya Guyana kabla ya kupata uhuru wake.

Udaktari ulipomshinda, baba yake alimtuma Cambridge mwaka 1828 ili asomee kazi ya kasisi. Huko alikutana na mwalimu wa elimu ya mimea, jina lake John Stevens Henslow, ambaye mwenyewe alikuwa kasisi. Walitembea pamoja mara nyingi sana, hata watu wakamfahamu Darwin kama kijana afuatanaye na Henslow. Ni Henslow aliyempatia nafasi katika merikebu iitwayo Beagle. Merikebu hiyo iling'oa nanga tarehe 27 Desemba, 1831, ikazunguka dunia, ikarudi Uingereza tarehe 2 Oktoba, 1836. Darwin aliona misitu ya Brazili, visiwa vya Galapagos, Australia, Mauritius na Rasi ya Tumaini Jema. Brazili aliona pia jinsi watumwa walivyoteswa, akachukia utumwa mpaka kufa kwake.

Mwaka 1839 alimwoa binamu yake, Emma Wedgwood, na mwaka 1842 walihamia kijiji cha Downe, karibu na London. Hapo alikaa miaka 40. Afya yake ilikuwa mbaya. Siku nyingi hakuweza kufanya kazi zaidi ya saa chache. Walizaa watoto kumi, na watatu kati yao walikufa wadogo. Msiba uliomwumiza kuliko yote ulikuwa wa binti yake Annie, aliyefariki mwaka 1851 akiwa na miaka kumi.

Kitabu chake kikubwa juu ya asili ya aina za viumbe kilitokea mwezi wa Novemba, 1859. Mwezi wa Juni mwaka uliofuata wataalamu na maaskofu walikutana Oxford, wakabishana kwa ukali juu ya maneno yake. Darwin mwenyewe hakuwako. Alikuwa mgonjwa, amekwenda kutafuta nafuu. Mwezi wa Julai alifika Hartfield, katika jimbo la Sussex, kwa ndugu ya mkewe, ili apumzike. Basi wakati watu wakubwa walipokuwa wakilitaja jina lake kwa hasira au kwa sifa, yeye alikuwa akitembea polepole katika nyika yenye ardhi chepechepe, akitazama chini. Hapo ndipo alipoushangaa mmea wetu.

Wataalamu huuita Drosera rotundifolia, na Waingereza huuita kwa jina lenye maana ya umande wa jua. Humea mahali penye maji maji, katikati ya majani laini yanayofyonza maji kama sifongo. Majani yake ni ya duara, upana wa kila moja ni kama ukucha wa kidole, nayo hutandazwa chini kwa mviringo. Juu ya jani kuna vinywele vinene vyekundu. Darwin alivihesabu katika majani 31, akaona kwamba kwa wastani kila jani lina vinywele 192. Kila kinywele kina kichwa, na juu ya kichwa kuna tone la utomvu mzito unaong'aa. Hata jua linapokuwa kali na umande wa majani mengine umekwisha kauka, matone haya hayakauki, na ndiyo sababu ya jina lake.

Kila mvulana aliyepata kutega ndege kwa ulimbo ataelewa mara moja kazi ya matone hayo. Inzi mdogo akitua, miguu yake hunaswa. Akijitahidi kujinasua, hugusa vinywele vingine na kunaswa zaidi. Kisha vinywele vya ukingoni, ambavyo hata havikuguswa, huanza kuinama kuelekea katikati, kama vidole vya mkono unaofumba. Darwin aliona kinywele kikianza kuinama baada ya sekunde kumi tu kikipewa nyama, na kufika katikati baada ya nusu saa. Lakini mara nyingi kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Utomvu huziba vitundu ambavyo mdudu huvutia hewa, naye hufa. Jani hukaa limefumba siku moja hata siku saba, kisha hufunguka. Linapofunguka, hakuna kilichobaki juu yake ila mabawa na magamba makavu.

Siku ile Hartfield, Darwin alichuma mimea 12 pasipo kuchagua. Ilikuwa na majani 56 yaliyokunjuka, na juu ya majani 31 kulikuwa na wadudu waliokufa au mabaki yao. Juu ya jani moja kubwa alihesabu wadudu 13. Watu wengine walikuwa wamekwisha kuona kwamba majani haya hunasa wadudu. Hata mwisho wa karne ya 18 daktari mmoja Mjerumani, jina lake Roth, aliona vinywele vikiinama. Lakini wengi waliona ni ajali tu, kama mdudu anaswavyo katika utomvu wa mti. Darwin alipoona hesabu yake, alifikiri kwamba ajali haiwezi kuwa nyingi kiasi hicho. Je, mmea unapata faida gani?

Akaichukua baadhi ya mimea akaitia katika vyombo, akaanza kuilisha. Majira ya kupukutika majani mwaka ule wa 1860 yalikuwa mazito kwa nyumba yake. Binti yake Henrietta, mwenye umri wa miaka 17, alikuwa mgonjwa sana, nao walimpeleka Eastbourne, karibu na bahari. Baba aliyekwisha kuzika watoto watatu alikaa karibu na chumba cha mgonjwa akiwa na mimea yake. Alimwandikia rafiki yake Lyell kwamba wakati ule aliujali mmea huu kuliko asili ya aina zote za viumbe duniani. Mkewe naye alisema kwa mzaha kuwa mumewe anataka kuthibitisha kwamba mmea huu ni mnyama. Henrietta akapona, akaishi mpaka mwaka 1927.

Sasa natamani msomaji atazame vitu alivyovitumia. Alikuwa na maziwa, ute wa yai lililochemshwa, vipande vya nyama, mate, sukari, wanga, chai, mafuta ya zeituni, vipande vya kioo, na unywele wa kichwani. Kweli alikuwa tajiri, alikuwa na hadubini na mizani, na marafiki zake wataalamu walimsaidia kupima vitu vidogo sana na kumpatia dawa. Lakini vitu vingi katika orodha hiyo vinapatikana katika jiko lo lote.

Alitia tone la kila kitu juu ya jani, akangoja, akaandika. Maji ya sukari, wanga, chai na mafuta hayakulifanya jani lifumbe. Maziwa, mate, ute wa yai na mchuzi wa nyama vililifanya lifumbe karibu kila mara. Tofauti ya makundi hayo mawili ni nini? Vitu vya kundi la pili vina nitrojeni. Hapo Darwin alianza kuelewa kwa nini mmea huu huishi mahali ambapo mimea mingi hushindwa. Ardhi ya kinamasi cha namna ile ni maskini sana, na nitrojeni iliyomo ni haba. Mizizi ya mmea huu ni michache na dhaifu. Kazi yake kubwa ni kunywa maji. Kile ambacho ardhi haitoi, mmea hukipata hewani, kwa wale wanaoruka. Usidhani lakini kwamba umeacha desturi ya mimea. Majani yake ni ya kijani chini ya vinywele, na hujitengenezea sukari kwa mwanga wa jua kama mimea mingine. Mdudu si mkate wake wa kila siku. Ni mbolea yake.

Kisha akataka kujua kama jani huyeyusha chakula kweli kama tumbo. Akaweka vipande vidogo vya ute wa yai vyenye pembe kali. Baada ya muda pembe zikawa duara, mwisho kipande chote kikayeyuka. Aligundua kwamba jani likipata nyama, utomvu wake hugeuka kuwa na tindikali, kama maji ya tumbo letu. Basi akatia tone la maji ya magadi ili kuiua tindikali, na kuyeyuka kukakoma. Akatia tena tindikali kidogo, na kuyeyuka kukaendelea. Jaribio hili nimelipenda kuliko yote. Mtu mwingine angeona tindikali akasema, basi, nimejua. Yeye aliiondoa kwanza, kisha akairudisha, ili awe na hakika kwamba ndiyo ifanyayo kazi.

Jambo lililomstaajabisha zaidi ni wepesi wa jani kuhisi. Kipande cha unywele kilicho chepesi kuliko sehemu moja ya elfu ya miligramu kilitosha kukiinamisha kinywele kimoja. Lakini matone ya mvua, ambayo ni mazito mara nyingi zaidi, hayalishughulishi jani hata kidogo. Ukifikiri utaona faida yake: kama jani lingefumba kila mvua inyeshapo, mmea ungechoka bure. Alijaribu hata sumu ya fira, akaona kwamba sumu hiyo iwezayo kuua mtu haikuudhuru mmea.

Hata hivyo hakuharakisha kutoa kitabu. Kazi nyingine zilimwita. Alitoa vitabu juu ya maua, juu ya wanyama wafugwao, na juu ya asili ya mwanadamu. Mwaka 1872 aliurudia mmea wake kwa nguvu, akachunguza na jamaa zake wa nchi nyingine. Mmoja wao ni ule wa Marekani ufumbao majani yake kama mtego wa panya. Kwa kuombwa na Darwin, mwaka 1873 mtaalamu Burdon Sanderson alipima jani la mmea huo, akaona kwamba nguvu kidogo ya umeme hupita ndani yake linapoguswa, kama ipitavyo katika misuli ya mnyama. Mwisho, mwezi wa Julai, 1875, kitabu juu ya mimea ilayo wadudu kilitokea. Darwin alikuwa na miaka 66. Baadaye aliandika kwamba kule kukawia kulimfaa, kwa kuwa mtu akiiacha kazi yake miaka mingi anaweza kuikosoa kama kwamba ni ya mtu mwingine.

Lakini palibaki jambo moja. Kitabu kilionyesha kwamba jani hukamata, huyeyusha na hufyonza. Wabishi walisema kwamba mimea isiyopewa nyama huishi vile vile, kwa hiyo nyama si kitu. Kuwajibu kulihitaji hesabu, na hesabu hiyo ilifanywa na mwanawe.

Francis Darwin alikuwa amesomea udaktari, akawa msaidizi wa baba yake. Mwaka 1876 mkewe alifariki siku chache baada ya kujifungua, naye Francis akahamia na mtoto wake mchanga katika nyumba ya wazazi. Mwaka uliofuata alichukua mimea mingi ya Drosera, akaipanda katika sahani, akaigawa kila sahani nusu kwa nusu. Akafunika zote kwa kitambaa chembamba ili wadudu wasiingie. Nusu moja aliilisha vipande vidogo vya nyama ya kuchoma. Nusu ya pili hakuipa kitu. Majani ya pande zote mbili yaliishi, kama wabishi walivyosema. Lakini maua yalipokwisha na mbegu kukomaa, alizihesabu na kuzipima. Mimea iliyolishwa ilizaa mbegu mara mbili na zaidi kuliko ile isiyolishwa, na uzito wa mbegu zake ulizidi kwa kiasi kikubwa zaidi. Faida haikuonekana sana katika majani. Ilikuwa katika kizazi kijacho.

Nisisahau maua yenyewe. Ni madogo na meupe, nayo hukaa juu ya bua jembamba, mbali na majani. Huenda mtu akauliza: je, mmea uuao wadudu hauogopi kuwaua hao wanaoleta chavua? Bua refu huyatenga maua na mtego. Tena ua laweza kujizalisha lenyewe, hata siku za mawingu lisipofunguka. Baridi inapokuja majani hufa, na mmea hujikunja ukawa chipukizi gumu, ukangoja joto lirudi.

Darwin aliendelea na kazi mpaka uzeeni. Kitabu chake cha mwisho, cha mwaka 1881, kilikuwa juu ya nyungunyungu na kazi yao katika udongo. Alifariki nyumbani kwake tarehe 19 Aprili, 1882, akazikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Sitaficha kwamba imani ya ujana wake ilipungua pole pole, na kwamba uzeeni alijiita mtu asiyeweza kujua. Lakini kasisi Henslow aliendelea kuwa rafiki yake hata alipofariki mwaka 1861, na Brodie Innes, kasisi wa kijiji cha Downe, alikuwa rafiki yake muda wa miaka mingi, ingawa hawakukubaliana katika mambo mengi. Ikiwa makasisi wale waliweza kukaa naye na kuzungumza naye, nadhani nasi twaweza kuisoma kazi yake.

Mwisho ningependa wasomaji wajue kwamba jamaa za mmea huu wako katika nchi zetu pia. Drosera madagascariensis humea katika vinamasi vya Uganda, Tanzania, Kongo na Zambia, na huko matone yake hung'aa juani vile vile. Watu wengi hupita wakienda kuteka maji au kutega samaki, wasiuone. Atakayeuona asiung'oe, kwa maana vinamasi vinakaushwa kila mwaka kwa ajili ya mashamba, na mmea huu hauwezi kuhamia mahali pakavu. Apige magoti karibu nao akiwa na punje ya mchanga, kipande kidogo cha ute wa yai, na saa. Aweke mchanga juu ya jani moja na yai juu ya jani la pili. Kisha angoje, na aandike saa ngapi kila jani limeanza kufumba, na siku gani limefunguka.